Ubao Uliopakwa Nta

Kiangazi kile nyumba yetu ya Kawajense ilinuka rangi ya mafuta iliyochanganywa na petroli. Uji ulinuka petroli, shuka zilinuka petroli, hata sabuni, tuliyoinunua baada ya kuvutana bei na muuzaji mpaka akachoka, nayo ilinuka petroli. Tulikuwa tumehama Inyonga, kwenye ukoo wa warina asali, na baba alikuwa amepania kuishi mjini kwa kuandika mabango. Kazi ya kwanza aliipata kwa kinyozi wa jirani. Ubao wa kinyozi huyo ukiharibika, alituambia, hakuna atakayempa mwingine, tunarudi kwenye mizinga. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule, sikutaka kurudi popote.

Baba alizoea kuandika herufi zilizonyooka, zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Lakini siku ile, alipotoka kutafuta brashi kabla ya kuanza, mama aliuona ubao mtupu, akauhurumia kwa mvua zijazo, akausugua nta kama tunavyosugua mzinga mpya ili nyuki waupende. Baba aliporudi akaanza kuandika bila kujua. Rangi ikagoma kushika. Akaona njia ni kuharakisha, na kadiri alivyoharakisha ndivyo herufi zilivyolala upande, zikachanika katikati, zikaota mikia.

"Mama Neema, ubao umeufanya nini?"

"Nimeupaka nta, usioze."

"Kwani nyuki wanakuja kunyolewa?"

Kinyozi akatokea kabla mama hajajibu. Aliinamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia. Mimi nilishaanza kupiga hesabu ya vyombo vya kufungasha, nikairudia.

"Mzee, mbona jina kama linakimbia?" akasema. "Hii kali. Usiguse hapo!"

Hatukurudi Inyonga. Muuza mikate akataka maandishi yanayokimbia, fundi baiskeli wa Kakese naye hivyo hivyo. Baba aliyejua kunyoosha akatumia miaka yake kuharibu kwa makusudi, brashi kavu kavu, mkono mbio, mpaka bega likakataa. Nikasoma, tukala, na sikumbuki herufi hata moja aliyoipenda.

Sasa nachapa mabango kwa kompyuta, karibu na soko. Maandishi ya mtindo ule yamo humo tayari, na mikwaruzo yake. Wateja wananibana bei: "Si unabonyeza tu, dada?" Juzi mwenye saluni mmoja alitaka jina lake likuzwe, lipunguzwe, likuzwe tena. Baba alikuwa kwenye benchi mlangoni, anaangalia kioo cha kompyuta. Kila nilipobadilisha, herufi ilichanika palepale.

"Huyo anayeandika humo ndani hachoki?" akauliza.

"Hachoki, baba."

Akajikanda bega. "Basi huyo hajawahi kulisha mtoto."

Mwenye saluni akacheka, kisha akaomba nimpunguzie bei kidogo. Kwa kawaida huwa napunguza kidogo, ili mtu aondoke anajiona mjanja. Siku hiyo sikupunguza.