Fungate ya Amarjit

Amarjit alichagua Mauritius kwa sababu moja tu: kule hakukuwa na jamaa. Mombasa walikaa shangazi watatu wa mchumba wake, Kampala wajomba, na hata Gilgil, alikozaliwa yeye, binti wa seremala, hukuweza kununua chumvi bila habari kukutangulia nyumbani. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne mjini Nakuru, na mwaka ule wa 1971 alimaliza mihula miwili akiipanga fungate yake. Aliiandikia barua nyumba ya wageni huko, akajibiwa. Akajua dirisha la chumba linatazama wapi na mvua zinaanza lini. Mchumba wake Joginder, aliyeuza mbao pamoja na baba yake, alikubali kila kitu. Alikuwa mtu wa kukubali. Hilo ndilo Amarjit alilompendea.

Walioana Desemba. Pasipoti ya Joginder ilikuwa tayari, ya Amarjit bado. Alienda Nairobi kuifuatilia mara nne, na mara zote nne akaambiwa angoje. Zikibaki siku tano wasafiri, mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Biji, alikuwa jikoni akimenya maganda ya minji.

"Tiketi zimeshalipwa," Biji alisema bila kuinua macho. "Mimi pasipoti ninayo, ile niliyoendea Amritsar. Nitaenda na Joginder."

"Tunaweza kungoja, Biji. Hata mwezi wa nne."

"Tiketi hazingoji. Na mzee wangu atapikiwa na nani nikiondoka, na figo zake hizo? Wewe bado kijana, mwanangu. Bahari haihami."

Amarjit akamgeukia mumewe. Joginder alikuwa akichunguza ukucha wa kidole gumba, uliopondwa na ubao.

"Ni siku kumi na mbili tu," alisema.

Wakaenda. Siku ya tatu pasipoti ikafika kwa posta. Siku ya nne Amarjit alikutana sokoni na mwalimu mwenzake, Wamuyu, aliyekuwa amemsaidia kuandika zile barua.

"Mwalimu, si ungekuwa Mauritius?"

"Mume wangu yuko huko."

"Na nani?"

"Na mamake."

Wamuyu hakucheka. Alimshika mkono, akamwekea kapuni viazi vyake mwenyewe vya Dundori, kama mtu anayemhani mfiwa. Afadhali angecheka.

Biji alirudi na picha, akaitundika moja sebuleni: mama na mwana ufukweni, suruali ya Joginder imekunjwa hadi magotini. Kila mgeni alisimuliwa safari hiyo, na chai aliletewa na Amarjit. Hakupiga kelele hata siku moja. Alimpikia Joginder, akamzalia watoto wawili. Ila hakumwomba tena kitu. Mwaka wa 1975 Joginder alimwambia, kwa sauti ya chini, "Sasa twende, mimi na wewe."

"Watoto wa darasa langu wana mtihani," Amarjit alijibu. Hawakuwa na mtihani wowote.

Biji alipooza upande mmoja mwaka wa 1978, na aliyemwogesha alikuwa Amarjit, kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Ulimi wa mgonjwa ulikuwa mzito, lakini ulisema.

"Kule baharini, siku ya tatu, Joginder alinishika mkono tukaingia majini," alisema asubuhi moja. "Mzee alinitoa Punjab nina miaka kumi na sita, akanileta msituni Elburgon kuwapikia wapasua mbao. Hakuna aliyewahi kunipeleka mahali, ati nikatazame tu. Nilijua ni zamu yako. Nilijua, nikaenda."

Amarjit alitaka kumhurumia. Alilitafuta neno, akangoja lije, kitambaa kikimdondokea maji miguuni. Halikuja. Akamgeuza ubavu wa pili, akaanza kumwosha mgongo.