Mabua Niliyoyachoma

Mabua makavu ya mahindi, yakilala juani baada ya mavuno, hutoa harufu tamu kidogo, kama ya mkate uliosahauliwa kabatini. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa ametuhamisha kutoka Jinja hadi Nabuyonga mjini Mbale, alikuwa na shamba katika tambarare iliyo chini ya mji, na trekta moja kuukuu ya rangi ya bluu. Dereva wake aliitwa Wandera, mtu mrefu na mpole, aliyekula chakula cha mchana peke yake ameegemea gurudumu. Kuhusu injini baba alimwamini kabisa. Kuhusu udongo alimwona mtu wa maneno mengi.

Misimu miwili mfululizo mahindi yetu yaligeuka manjano yakiwa bado mafupi, na kila mvua iliponyesha maji yalisimama shambani. Siku moja Wandera alichimba shimo la kufika magotini, akamwita baba, akagonga chini kwa ncha ya panga. Ilisikika kama anagonga sakafu. "Afande," alisema, "sisi tumelima hapa na plau ya sahani wakati udongo iko maji, na trekta ikakanyaga kila siku. Chini imeshikana. Mizizi haipiti." Alitaka baba akodi ripa, jembe lenye meno marefu ya chuma linalopasua tabaka gumu bila kuupindua udongo kama plau, lipite wakati wa kiangazi ardhi ikiwa kavu. Mabua nayo yasichomwe, bali yakatwekatwe kwa haro, visahani vya chuma vinavyovutwa na trekta, na kuachwa juu, yaifunike ardhi mvua ya kwanza isiipige. Baba alikunja uso. Jeshini alikuwa amefundishwa kwamba penye nidhamu ni pasafi. Lakini mfamaji hukamata maji, akakubali.

Ripa ilipita siku mbili, ikiinua mabonge makubwa kama matofali, kisha haro ikafuata. Shamba likabaki limetapakaa vipande vya mabua ya kijivu, mithili ya uwanja wa soko watu wakishaondoka. Wandera alilitazama kwa furaha, mikono kiunoni. Mimi nililitazama kwa macho ya wenzangu wa shule, waliopita barabarani kando yake. Mmoja wao, binti wa muuza vitambaa, aliniuliza, "Kumbe nyinyi mnalima takataka?" Wakacheka. Nikacheka nao, uso ukiniwaka.

Jumamosi iliyofuata, mchana, nilichukua kiberiti jikoni. Wandera alikuwa ameshuka mtoni kuchota maji ya kutia kwenye trekta. Nilidhani nitachoma ule ukingo wa barabarani tu, ule unaoonekana. Upepo ulikuwa ukiteremka kutoka mlima Wanale, na kabla ya alasiri moto ulikuwa umelila shamba lote. Baba alifika majirani wakiwa wamekwisha kukusanyika, akauliza ni nani. Nilisema nilimwona Wandera akivuta sigara karibu na mabua. Yeye alikuwa amesimama na ndoo, shati limejaa masizi, kwa maana ni yeye aliyehangaika kuuzima moto kwa matawi. Alinitazama. Baba akamwamuru, mbele ya watu wote, aweke ufunguo chini aondoke.

Mvua ilipokuja ilikuta ardhi tupu. Juu pakaganda ukoko, maji yakateremka na mbegu na udongo hadi mtaroni. Dereva mpya akaingia tena na plau ya sahani, shamba likiwa tope, kwa sababu msimu ulikuwa unapita. Yale tuliyoyapasua yakakanyagwa yakashikana upya. Mwaka uliofuata baba aliiuza trekta. Mara nyingi mezani alisema, "Wandera alinimaliza," nami niliendelea kula.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka zaidi ya thelathini, nayo ilipita mahali pazuri: shule, ndoa, kazi ya ualimu hapa Jinja. Nilijifariji kwamba, kama Wandera alijua, alinyamaza kwa kumhurumia mtoto. Kisha mwaka huu nilikwenda Masese, kando ya ziwa, kununua samaki, nikamsikia mwuzaji akimwita mzee aliyekuwa akishona nyavu chini ya paa la mabati. "Mzee Wandera." Nilimsogelea, nikamwambia mimi ni nani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kuacha kushona.

"Mimi nilikuona," alisema. "Nilikuwa napanda kutoka mtoni."

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Nani angeamini? Wewe mtoto ya afande. Mimi mtu ya kazi." Akaniambia kwamba baada ya pale hakuna mwenye trekta Mbale aliyempa usukani, walimwita mchoma shamba. Kisha akauliza, "Baba yako iko?"

"Yuko."

"Mwambie yeye. Mimi najua tayari."

Nilimwambia baba wiki ile ile, Nabuyonga, akiwa kitini kwake. Hakunigombeza. Aliomba viatu vyake. Tulifika Masese mchana, akasimama kwa mkongojo wake katikati ya washona nyavu, akasema, "Wandera, nilikufukuza mbele ya watu bila kukuuliza. Nakuomba radhi mbele ya watu." Wandera alimvutia kiti. Wazee wale wakazungumza habari za udongo hadi alasiri, nami nilisimama pembeni, mwanamke mzima nisiyejua pa kuweka mikono.

Siku hizi maneno ya Wandera husemwa redioni na mabwana shamba. Vijana hukodi ripa, na shamba lililofunikwa mabua huitwa la kisasa. Msichana akipita kando yake leo hana sababu ya kuona haya. Nafurahi kuyasikia, lakini furaha hiyo hainishuki vizuri, maana alikuwako mtu aliyeyajua yote hayo mapema, akiwa na nguvu zake na trekta mkononi, na nusu ya maisha yake imekwisha akishona nyavu za wengine. Tulipoagana alinipa mkono kwa adabu, kama anavyopewa mgeni. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumwuliza.