Kopo la Pete Mlangoni

Nilipohitimu jiolojia, watu wa nyumbani walidhani nitashuka shimoni na taa kichwani, kisha nirudi Krismasi na dhahabu mfukoni. Kazi niliyoipata ilikuwa Spring Valley, mtaa wa kitajiri pembezoni mwa jiji, katika nyumba ya kukodi yenye bustani ya maua, na kitu cha hatari kuliko vyote pale kilikuwa mbwa wa jirani. Kampuni ilikuwa ikitafuta dhahabu magharibi mwa nchi. Mawe yaliletwa kwa lori, tukayaponda na kuyasaga katika kile kilichokuwa chumba cha mtumishi nyuma ya nyumba, tukaupeleka unga wake maabara ng'ambo. Siku nyingine nilitumwa mjini na barua za leseni, nikasimama kwenye foleni za ofisi za serikali na digrii yangu kama tarishi.

Mwenye chumba kile cha nyuma alikuwa mzee mmoja wa Mombasa, fundi wa sampuli tangu kabla sijazaliwa. Cheti hakuwa nacho, lakini mawe aliyajua. Siku yangu ya kwanza alinionyesha kopo la majani ya chai lililoning'inia kwenye msumari mlangoni.

"Bibie, pete, mkufu, herini, saa, vyote humu kabla hujaingia," alisema. "Dhahabu huchubuka. Ukiushika unga na pete kidoleni, maabara watapima pete yako, si mlima."

Miaka minne chuoni hakuna aliyeniambia hilo, na kwa usomi wangu nikaliona jambo dogo. Hata hivyo nilitii. Haikuwa vigumu kutii, kwa sababu cha kuvua sikuwa nacho zaidi ya saa ya plastiki.

Halafu Jumamosi moja, Kenyatta Market, katikati ya moshi wa nyama choma, mchumba wangu akanivisha pete ya dhahabu. Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya mbuzi, ikaingia bila taabu. Wanawake wa saluni ya jirani wakatoka na vitana mkononi kuja kuitazama.

Jumatatu sikuivua. Ningependa kusema nilisahau, na kwa miaka kadhaa nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba nilitaka ionekane. Mzee aliiona nikiwa bado uani. "Hongera, mwanangu. Mungu awajaalie kheri," akasema, kisha akaenda zake kuwasha mashine ya kusagia, akiamini kwamba msomi hakumbushwi mara mbili. Asubuhi hiyo niligawanya sampuli sita za unga kwa mikono yangu, na pete ikachovya kila moja. Mzee alitia sahihi kwenye fomu kama kawaida, jina lake peke yake, kwa kuwa chumba kilikuwa chini yake.

Majibu yalipokuja, sampuli sita zilikuwa na dhahabu mahali ambapo nyingine zote hazikuwa na kitu. Meneja wetu, Mzungu mpole aliyeungua jua mpaka masikioni, alituletea keki. Wiki chache baadaye wakubwa wake wakaagiza vipande vilivyobaki vya mawe yale yale vipimwe upya. Havikuwa na chochote. Nilijua kosa ni langu kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa kwanza.

Mzee aliitwa ofisini. Kiingereza cha kazi alikuwa nacho, lakini kwa jambo zito kama hilo aliomba Kiswahili, na meneja akaniambia mimi nifasiri. Swali la kwanza lilikuwa kama siku ile alivaa kitu chochote cha dhahabu. Nikamuuliza Mzee, mkono wangu wa kushoto nimeuficha chini ya meza.

"Mwambie mimi ni Mwislamu," alisema. "Mwanamume kwetu havai dhahabu. Hii pete yangu ni ya fedha, na hii pia huitia koponi."

Alipomaliza hakumtazama meneja. Alinitazama mimi, akangoja. Alikuwa ananipa nafasi. Nikageuka nikafasiri maneno yake yote kwa Kiingereza safi, bila kuacha hata moja.

Nilidhani jibu lile lingemwokoa. Ndilo lililommaliza. Kama havai dhahabu, meneja alisema polepole, basi haikuingia kwa uzembe, kuna aliyeitia. Katika kazi yetu pete iliyosahaulika kidoleni huleta barua ya onyo. Kutia dhahabu kwenye sampuli ni ulaghai, na mtu hufukuzwa siku hiyo hiyo. Hayo pia niliyafasiri. "Anasema uliitia makusudi," nikamwambia mzee aliyeniombea kheri, na sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, na nyumbani walishaanza kuniita injinia. Barua moja ya onyo ndiyo niliyoiogopa. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja, yaliketi nami pale pale mezani, na bado sikufungua kinywa.

Alikusanya vitu vyake mchana ule: msala, redio ndogo, chupa ya chai. Kopo aliliacha kwenye msumari wake. Nilimbebea chupa mpaka getini, maneno yamenijaa mdomoni, nikihesabu hatua zilizobaki. Mlinzi akafungua. Mzee akaichukua chupa yake mkononi mwangu, ule wenye pete.

"Mwanangu," alisema, "kesho usisahau kuivua."

"Nimesikia, Mzee," nikajibu. Katika yote niliyomwambia siku ile, hayo tu ndiyo yaliyokuwa maneno yangu mwenyewe.