Mteja wa asali niliyemkatalia leo

Leo nimepata mteja wangu wa kwanza kutoka mtandaoni, na nimekataa kumuuzia.

Ngoja niwaeleze.

Mnajua nina tovuti yangu ya asali. Mtu akitafuta "asali ya Singida", mimi sionekani kabisa. Wiki iliyopita mwenye tovuti moja kubwa ya malezi akaniambia tubadilishane linki. Mimi niweke yake, yeye aweke yangu, wote tupande juu kwenye matokeo ya utafutaji.

Nikakubali mbio mbio. Niliangalia tu wingi wa watu wake, sikusoma alichoandika.

Asubuhi simu ikaita. Mama mmoja wa Ikungi.

"Dada, nimekuona kule kwenye malezi. Nataka chupa ndogo ya kumlambisha mtoto."

"Ana umri gani?"

"Leo siku ya tisa. Wameandika inafungua tumbo."

Mtoto wangu wa miezi minne alikuwa ananyonya hapo hapo. Nesi wa kliniki alituambia asali hapana mpaka mtoto atimize mwaka, inaweza kumuua.

"Usimpe, mama. Ziwa linamtosha."

"Sasa mama mkwe nitamwambiaje?"

"Mwambie muuza asali mwenyewe amekataa."

Akacheka kidogo, akashukuru.

Linki yao nimeitoa, na yangu nimewaambia waitoe. Nimerudi chini kule kule.

Wenzangu wenye tovuti, nyie mnachaguaje wa kubadilishana naye?

Chupa ya yule mama nimeiweka pembeni. Mtoto akitimiza mwaka, aje aichukue bure.