Kapu la Waliogombana

Kwenye mashine yake ya kusaga, Shangazi hakuwa na masihara na mtu. Ukija na mahindi yenye mchanga, unarudi nayo. Ukija na mabichi, unaambiwa kayaanike kwanza, hata kama watoto wamelala na njaa. Na mizani yake haikumpendelea jirani wala mkwe. Mtaa ukambandika jina la Shangazi Mizani, naye hakukasirika, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa kweli tupu.

Kwa ndugu zake pia alikuwa mizani. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani na baridi ikianza kuuma magoti, ukoo mzima hukutana nyumbani kwake kwa siku moja ya kula na kushukuru. Lakini hakuna anayegusa chakula kabla kapu halijajaa. Waliogombana mwaka huo hukalishwa kwenye vigoda viwili, goti kwa goti, kapu katikati, wakapukuchua mahindi kwa mikono mpaka lijae. Hawalazimishwi kuombana radhi. Hata kuongea hawalazimishwi. Wengine wanasubiri, na harufu inayotoka jikoni inamaliza kazi iliyobaki.

Jambo hili lilianza na babu yake. Yeye na mdogo wake waligombana nani aanze kuvuna, kila mmoja akasusa, mahindi yakabaki shambani mpaka mvua isiyotarajiwa ikayakuta. Yaliyopona yalitosha mbegu tu, nayo ilibidi yapukuchuliwe upesi kabla hayajaota ukungu. Wakakaa kwenye kapu moja kutwa nzima bila kutazamana. Walipomaliza, mdogo akauliza kama kuna chochote cha kula. Basi, ugomvi ukaishia hapo. Watu husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Babu akisikia hivyo alikuwa anacheka, maana kwake yeye kapu lilitangulia na kupatana kukafuata.

Babu alipofariki, kazi ya kuwaita watu kwenye kapu ikamwangukia Shangazi, na aliiweza. Aliwahi kumkalisha mpwa wake na mkewe waliotupiana maneno kwa sababu ya kukoroma. Aliwahi kuwakalisha binamu wawili waliodhani ugomvi wao ni siri. Mwaka huu mgomvi alikuwa yeye mwenyewe, na mganga hajigangi.

Aliyegombana naye ni mdogo wake wa tumbo moja, seremala, ambaye watu wote humwita Fundi. Miaka yote Fundi ndiye aliyebeba magunia. Safari hii hakuonekana shambani hata siku moja, akatuma salamu kwamba kazi zimembana. Shangazi akapita karakana kwake akiwa na tope la shamba miguuni, akamkuta amekaa kwenye benchi anasikiliza redio. Randa imelala, mbao zimelala. Wateja wawili walikuwepo, na Shangazi hakujali.

"Kumbe kazi zenyewe ndizo hizi? Shamba unalikimbia, chakula unakijua!"

Fundi aliinuka, akausukuma mlango kwa bega, ukafungwa usoni pa dada yake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, na Shangazi aliumia kuliko alivyokubali.

Siku ya kukutana ilipofika, Fundi alikuja na koti lake na mkono mmoja mfukoni, akasimama ukutani. Masufuria yalikuwa tayari. Watoto walizungukazunguka mlango wa jikoni. Kapu lilikuwa katikati ya ua, tupu, na rundo la mahindi pembeni yake. Kila mtu alijua ni akina nani wanaotakiwa kukaa, na hakuna aliyethubutu kutamka. Nani amwite hakimu mahakamani kwake?

Shangazi naye alijikuta anakagua chumvi kwa mara ya tatu. Aliogopa. Akiketi yeye na Fundi asiketi, je? Desturi ya babu ingefia mikononi mwake, na mdogo wake angekuwa amekwenda moja kwa moja.

Aliyeinuka ni mke wa Fundi, mwanamke mpole ambaye miaka yote alikuwa akija, akiosha vyombo na kuondoka. Alichukua vigoda viwili akavipanga kwenye kapu.

"Wifi," alisema, "watoto wana njaa."

Shangazi akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kuketi. Alichukua hindi la kwanza, akaanza kupukuchua peke yake, macho kwenye kapu. Punje zilidondoka muda mrefu. Kisha kigoda cha pili kikalia, na magoti ya mtu yakagusana na yake.

Hakuinua uso. Lakini unapopukuchua na mtu goti kwa goti, utake usitake unaiona mikono yake. Fundi alikuwa amebana hindi katikati ya magoti, analikwaruza kwa kidole gumba cha kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umetoka mfukoni. Ulilala pajani kama mzigo wa mtu mwingine.

Shangazi akaacha kupukuchua.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Kabla ya mavuno. Niliamka asubuhi, umekufa ganzi. Daktari anasema utarudi, ila polepole."

"Na mimi dada yako hukuniambia?"

Fundi alihangaika na hindi lake. "Wewe ukijua jambo, dada, unalisema mbele za watu. Nani atampa kazi seremala wa mkono mmoja?"

Maneno yale yalimwingia Shangazi mpaka mfupani. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima ambaye hana pa kuificha.

Alichukua hindi jingine, akaingiza ukucha, akang'oa mistari miwili ya punje kutoka juu hadi chini, kama mtu anavyomfungulia mtoto anayejifunza. Likishafunguliwa hivyo, zilizobaki hutoka kwa kusukumwa na kiganja kimoja tu. Akampa. Fundi akalisukuma kwa mkono wa kushoto, punje zikamwagika kapuni. Shangazi akafungua la pili, la tatu. Wakaendelea hivyo, yeye akifungua, Fundi akimaliza.

Kapu lilipojaa, chakula kilikuwa kimepoa na watoto wamenuna.

"Shangazi, mbona mmechelewa hivyo?" aliuliza mmoja wao, na ua mzima ukatega sikio.

"Mahindi yalikuwa mabichi," alisema Shangazi Mizani.

Yalikuwa makavu. Aliyaanika mwenyewe wiki tatu. Akaenda jikoni, akapakua sahani ya kwanza, akaiweka mbele ya mdogo wake, kijiko upande wa kushoto.