Jiwe la Mama Yake Nabwire

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya sherehe niliposimama mbele ya darasa la kwanza la shule yetu, nimevaa gomesi mpya, nikisubiri kusifiwa. Nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ambayo hata mama mzazi alishachoka kuisikia. Kila nilichokiona njiani kati ya Tororo na Busia nilikiona kimepinda, na mimi ndiye niliyetumwa kukinyoosha.

Shule hiyo ni ile ya masista, kando ya konventi ya zamani. Masista wa kwanza walitoka Ulaya siku za mwanzo za utawala wa Waingereza, na darasa hilo ndilo jengo walilolijenga kwanza. Nilisoma humo miaka saba. Ukuta wake ulikuwa wa mawe, na hayakufanana hata mawili: jeusi, jekundu, la kijivu, moja kubwa kama chungu, jingine dogo kama kiazi. Machoni pangu ulikuwa kama kinywa chenye meno ya kuazima.

Basi shule ilipojiandaa kwa jubilei, nikachaguliwa katibu. Niliandika barua ya kurasa nne kueleza kwamba askofu hawezi kupokewa mbele ya ukuta wa namna ile. Sista mwalimu mkuu, aliyehamia pale juzijuzi, akakubali. Nadhani ni ukurasa wa tatu uliomchosha. Fundi akaupiga ukuta plasta, akaupaka rangi ya maziwa. Hakuna aliyepinga, maana sikumuuliza yeyote. Sista Veronika, mzee kuliko wote konventini, alikuwa amelazwa kwa ajili ya goti lake. Kuuliza si ujinga, walisema wazee, ila mwenye shahada mbichi hudhani ndio ujinga wenyewe.

Siku ya sherehe bibi zetu walifika mapema, kabla ya misa, kutoka Paya, Kirewa na ng'ambo ya mpaka. Wakaenda moja kwa moja ukutani, kama nilivyowaona wakifanya kila mwaka tangu nikiwa mwanafunzi. Siku zote nilidhani wanaegemea kupumzisha migongo. Wa kwanza alikuwa Kukhu Nabwire. Kukhu ndivyo Wasamia wanavyomwita bibi. Akaupapasa ukuta, akautazama mkono wake uliojaa rangi, akaupapasa tena.

"Jiwe ya mama yangu iko wapi?" akauliza.

Nikamweleza, kwa upole wa kisomi, habari za usafi na maendeleo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Picha yake hana, na kaburi lilishalimwa zamani. "Mkono yake mimi naijua kwa hiyo jiwe tu."

Bibi mmoja wa Paya akasema, huyu amesoma mpaka macho yameisha. Wenzake wakacheka. Nabwire hakucheka.

Ndipo Sista Veronika, aliyekuwa ametoka hospitali jana yake, akaja akijikongoja na fimbo. Yeye ndiye aliyenieleza. Zamani zile, msichana akija kuandikishwa alibeba kichwani jiwe moja kutoka kwao, kubwa kadiri ya nguvu za shingo yake. Masista walikuwa na ramani na saruji, lakini ukuta ulikuja vichwani mwa wasichana. Mpaka haukuulizwa: jiwe la Usamia lililala juu ya jiwe la Kirewa. Na kila mmoja, alipozaa, aliwaonyesha wanawe lake. Mama yake Nabwire hakuwahi. Shangazi ndiye aliyemwonyesha Nabwire jiwe hilo.

Nikasema sikujua.

"Ulikaa ndani ya ukuta huu miaka saba," akasema taratibu, "na hukuuliza umetoka wapi. Sasa leta nyundo."

Majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu nilikuwa mimi. Niliipandisha gomesi, nikapiga magoti na nyundo na tindo. Nabwire akahesabu hatua tatu kutoka dirisha la mwisho, akaonyesha mahali.

"Piga pole," akaniambia. "Huyo ni mama."

Kengele ya misa ikalia. Askofu akapita na maandamano yake, akatutazama, akaendelea. Plasta ilidondoka, likatokea jiwe la kijivu. Nabwire akatikisa kichwa. Likatokea jeusi. Hilo, akasema, ni la watu wa Paya. La tatu lilikuwa jekundu, zito kwa chuma, kama mawe ya vilima vya Samia. Akaliwekea kiganja.

"Mulembe, mama," akasema, hiyo salamu ya amani, kama anavyosalimu mtu aliyemkuta mama yake jikoni. Kisha akajifuta mkono, akaingia kanisani.

Ukuta uliobaki niliubandua mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Siku moja Sista Veronika akanionyesha jiwe karibu na sakafu, lile dogo kama kiazi. La bibi yako wa Kirewa, akasema. Nikaanza kulia. Akaniambia ningoje kidogo: lile la nyumbani bibi alilitupa njiani lilipomchosha, hili aliliokota palepale getini. Bibi mwenyewe ndiye aliyemsimulia, bila haya. Sista mmoja wa wale wa kwanza alimwona akiliokota, akacheka, akalijenga ukutani hivyohivyo.

Masista wale na waliowafuata walikuwa na makosa yao. Walituchapa kwa kusema Dhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, na hilo sijalisahau. Lakini wangemrudisha bibi yangu akalete jiwe la kweli, asingerudi, namjua. Mama asingesoma, nami nisingepata shahada ya kuharibia ukuta. Kila nikipita pale naligusa jiwe lile la uvivu, nasema asante.

Mwanangu, rudi nyumbani na elimu yako, tunaihitaji. Lakini kitu ulichokikuta kimesimama, usikiguse kabla hujauliza nani alikibeba. Ukikosea, shika nyundo mwenyewe, watu wakikuona. Na jiwe lako likiwa dogo, lilete hivyohivyo.

Mungu akupe shingo ya kubeba, na akujalie ukuta usiokataa kiazi.