Chupa Mbili za Damu ya Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa maabara. Kazini huku Kitengela sioni wagonjwa. Naona chupa ndogo za damu zikipitishwa dirishani na namba zake, nami narudisha karatasi kwa dirisha hilohilo. Napenda hivyo. Damu hailii, haibishani, wala haikusimulii habari za mkwe wake.

Kwenye ploti tunayokaa, majirani walizoea kuninyooshea mkono asubuhi kabla sijaenda kazini. Nawatoa damu mlangoni, natia chupa mfukoni, jioni nawaletea majibu. Wao wameikwepa foleni, na mimi najiona mtu wa maana.

Ndivyo nilivyomfanyia mdogo wangu pia. Alikuwa akikaa kwangu na kufanya kazi kwenye shamba la maua Isinya, siku moja akaamka akisema tumbo linamsumbua. Nilimtoa damu huku nikiangalia saa. Jioni nikamwambia ni taifodi, maana kipimo chake kilionyesha kidogo, na huku kwetu nani hajawahi kuambiwa ana taifodi? Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepanda. Nilijua taifodi haina kawaida ya kuzipandisha hivyo. Nikamnunulia dawa tu.

Siku ya tatu nilimkuta amekunja magoti kitandani. Nikamtoa damu tena, na safari hii kazini nikapima pia CRP, ile protini inayopanda mwilini kukiwa na uvimbe mkali. Chembe nyeupe zilikaribia maradufu ya zile za kwanza. CRP nayo mashine ilishindwa kuisoma, ikaandika tu kwamba imepita kiwango chake. Niliogopa, na sioni haya kusema.

Nikampigia simu nyumbani.

"Usikuje mbio, bro," akasema. "Hiyo uchungu imeisha yenyewe. Niko sawa, hata nimekunywa chai."

Siku nyingine ningefurahi. Lakini damu ya namna ile na tumbo lililonyamaza ghafla haviendi pamoja, ila kama kuna kitu kimepasuka ndani. Nikakodi gari nikampeleka hospitalini Kajiado, naye njia nzima akinicheka kwamba nimekuwa mwoga kama mama.

Daktari wa upasuaji alizisoma karatasi zangu mbili, akasema ni kidole tumbo. Kweli kilikuwa kimepasuka; walimfungua saa hiyohiyo, na sasa amerudi kwenye maua yake. Ila kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, daktari aliniuliza, "Ilianza kuuma wapi?"

Nikamtajia namba zote, za kwanza na za pili. Nilizijua kwa kichwa. Akarudia swali lake.

"Sijui," nikasema. "Sikumuuliza."

Mdogo wangu akajibu mwenyewe pale kitandani.

"Ilianzia hapa kwa kitovu, daktari, ikashuka huku kulia." Kisha akanigeukia. "Ile siku ya kwanza nilitaka kukuonyesha. Ukaniambia nisisongeshe mkono."